Namba mpya, gereji kila wiki: Gari lako lina nini?

JUMAPILI jioni, Mama Ngina. Umeegesha gari likitazama bahari, madirisha chini, muziki wa kadiri. Mhogo wa kukaanga uko mapajani, pilipili na ndimu juu yake. Mbele yako meli ya makontena inaingia Kilindini polepole, na kule chini feri ya Likoni inavuka na kurudi. Wenzako watatu wanapiga picha. Raha si ndiyo hii?

Adhana ya Magharibi inasikika, mnataka kuondoka. Unabonyeza kitufe cha kuwasha. Tak. Tak-tak-tak. Taa zote za dashibodi zinawaka kama za harusi, halafu giza.

"Si ulisema hii gari ni mpya?" mmoja anauliza kiti cha nyuma. Unajifanya hujasikia.

Hii ni mara ya nne ndani ya miezi miwili. Ya kwanza ulibadilisha betri. Ya pili ukaambiwa ni alteneta. Ya tatu taa ya injini iliwaka, fundi akaizima, ikatulia siku tano, ikarudi. Mkopo wa Sacco unaendelea kukatwa, na gari ulilonunua libebe abiria likulipe limelala gereji kuliko lilivyolala kwako.

Kabla hujaanza kumshuku jirani kwa jicho baya, kaa hapa tuongee.

Mpya kwa nani?

Wengi wetu tunasoma umri wa gari kwenye namba. Ukiona KD na herufi za juzi juzi, unasema bado changa hilo. Hapo tunajidanganya. Herufi zile zinaonyesha gari lilisajiliwa Kenya lini, si lilitoka kiwandani lini.

Kiwango cha KEBS, KS 1515, hakiruhusu kuingiza nchini gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Na kwa kuwa gari la umri mdogo ni ghali, wengi tunanunua karibu na mpaka huo. Kwa hivyo gari lililoshushwa bandarini jana, likisajiliwa leo, huenda limeshatembea Japani miaka saba. Kung'aa linang'aa, lakini mipira, waya na mafuta ya gia vina umri wake.

Hilo halina ubaya, mradi ulijue. Ubaya ni kulitunza gari la miaka saba ukidhani halidai chochote.

Redio ndiyo chanzo

Hapa ndipo wengi hawapatazami. Redio za magari ya Japani zilitengenezwa kushika FM ya huko, inayoanzia 76 na kwa kawaida kuishia 90. Sisi FM yetu ni 87.5 hadi 108. Ukilipokea gari lako unapata stesheni mbili tatu za chini, basi. Na kijana gani ataendesha gari kimya kimya?

Kwa hivyo redio ya kwanza inang'olewa, inawekwa ya skrini kubwa. Wiki inayofuata ni alamu. Aliyekukopesha anataka kifaa cha kufuatilia gari. Halafu wewe mwenyewe unaongeza kamera ya nyuma, spika, na taa za rangi chini ya viti. Kila kimoja kinataka umeme. Fundi wa haraka haraka anakata waya wa kiwandani, anausokota na mwingine, anazungushia tepu nyeusi, anakuambia, "Imeshika hiyo, boss."

Imeshika kweli. Shida ni kwamba mara nyingi imeshika kwenye waya usiozimika hata ukizima gari.

Tupige hesabu. Gari zima lililoegeshwa kwa kawaida hunyonya kama miliampia 50 au chini yake, za saa, alamu na kumbukumbu ya kompyuta. Vifaa vilivyofungwa vibaya vikinyonya miliampia 500, betri ya ampia-saa 45 itakwisha kwa saa 90, yaani siku nne hazitimii. Na betri haingoji kwisha kabisa ndipo ishindwe kuwasha injini. Ukiliegesha Ijumaa usiku, Jumapili jioni uko taabani.

Sasa unaelewa kwa nini betri mpya haikusaidia. Ulinunua ndoo mpya, tundu ukaliacha palepale.

Chumvi haina haraka

Ongeza na bahari. Msimu wa kusi upepo unatoka baharini moja kwa moja, na pale Mama Ngina hakuna cha kuuzuia. Futa kioo cha mbele kwa kidole kisha onja. Chumvi hiyo hiyo inaingia chini ya boneti, inatua kwenye vichwa vya betri, kwenye soketi, na kwenye boliti inayofunga waya wa hasi katika bodi ya gari. Shaba inaota kutu ya kijani. Na pale fundi aliposokota waya akafunga tepu, ndipo chumvi inapenya kwanza.

Waya wa namna hiyo haukatiki moja kwa moja. Unashika, unaachia. Ndiyo sababu ukifika gereji gari linawaka vizuri, fundi anakutazama kama muongo, na ukitoka tu likazima Makadara.

Kuna chumvi nyingine ambayo tunaitia wenyewe. Maji ya visima vingi hapa Kisiwani ni ya magadi. Rejeta ikipungua, mtu anachota dumu la kisimani anamimina. Maji hayo yanakula alumini ndani ya mfumo, kisha injini inachemka ukiwa katikati ya foleni ya feri, AC imewashwa, jua la saa saba. Tia kipoozi kilichopendekezwa na kiwanda, yakhe. Maji ya kisima waachie wanaofua.

Na kama gari lako ni la haibridi, tafuta tundu la hewa linalopoza betri kubwa. Mara nyingi liko karibu na kiti cha nyuma. Likizibwa na mchanga wa ufuoni au mkoba, betri hiyo inapata joto. Bei yake unaijua.

Usikubali taa izimwe kabla ya kusomwa

Kompyuta za gari zinategemea volti zilizotulia. Volti zikishuka, kila moja inalalamika kivyake: taa ya breki, ya usukani, ya injini. Ukiyafuata malalamiko yote utabadilisha vipuri mpaka ukome, kumbe ugonjwa ni mmoja.

Kwa hivyo anza hivi. Nunua mita ndogo ya kupimia umeme. Bei yake haifiki ya nusu tangi la petroli. Gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa, betri iliyojaa huonyesha kama volti 12.6. Injini ikiwaka, magari mengi huonyesha kati ya 13.5 na 14.5. Ikibaki 12 na kitu huku injini inanguruma, chaji haifiki. Ikiwa chaji iko sawa lakini asubuhi unakuta 11.8, kuna kitu kinanyonya usiku au betri yenyewe haishiki tena.

Mwambie fundi wa umeme apime kinachonyonya wakati gari limezimwa, kisha atoe fyuzi moja moja mpaka ampate mwizi. Kazi hiyo ni ya subira, na mlipe subira yake.

Chini ya usukani kuna tundu la kusomea kompyuta. Namba zinazoanza na P ni za injini na gia, B za bodi, C za breki na usukani, U za mawasiliano kati ya kompyuta. P0562, kwa mfano, ina maana volti ziko chini. Fundi akitaka kuifuta, mwambie aiandike kwanza. Kufuta namba ni kama kuvunja kipimajoto ukasema homa imepona.

Kama hujanunua bado

Dai karatasi ya mnada ya Japani. Alama R au RA kwa kawaida inaashiria gari lililogongwa likatengenezwa. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake, utazame kama una mstari wa tope. Papasa reli chini ya viti: kutu na mchanga mahali pakavu namna hiyo ni dalili kwamba gari liliwahi kufurika maji. Na gari lililooga mafuriko halitatulia umeme wake, hata ulipeleke kwa fundi gani.

Kama umeshanunua, hujafungiwa njia. Marekani gari la hivi huitwa limau, na jimbo la Connecticut lilitunga sheria yake mwaka wa 1982 ili mnunuzi wa gari jipya lisilopona arudishiwe pesa au apewe jingine. Kenya hatuna sheria ya limau, ila Kifungu cha 46 cha Katiba kinakupa haki ya bidhaa ya ubora unaofaa, na fidia ukipata hasara kwa kasoro yake. Mahakama ya Madai Madogo husikiza madai yasiyozidi Sh1 milioni, na unaweza kwenda mwenyewe bila wakili.

Lakini huko utaulizwa ushahidi. Kwa hivyo nunua daftari, liache kwenye droo ya gari. Kila likizima andika tarehe, kilometa, namba iliyosomwa, kilichobadilishwa na pesa uliyolipa. Weka risiti zote. Daftari hilo litamsaidia fundi kwanza, na hakimu baadaye ikibidi.

Turudi Mama Ngina. Wenzako wanataka kusukuma. Waambie wasijichoshe, gari la otomatiki haliwaki kwa kusukumwa. Omba jampa kwa jirani, liwashe, nenda nyumbani moja kwa moja. Kesho asubuhi, kabla ya kununua betri ya tatu, inama chini ya dashibodi utazame zile waya za redio.