Watoto wapime mbegu ya maharagi mbele ya sezoni A

Mwezi huu wa nane watoto wako nyumbani, masomo itaanza mwezi wa tisa. Mbegu ya sezoni A nayo iko ndani ya mfuko, inangoja mvua. Siku hizo zinatosha kwa kazi moja inayofundisha mtoto na kuchunga shamba: kuotesha maharagi 100 ndani ya nyumba na kuhesabu.

Tuseme unapanda kilo 10, na katika kila mbegu 100, 40 zimekwisha kufa. Umezika kilo 4 za chakula. Mbaya zaidi, utaitambua kisha wiki moja na nusu, wakati mvua imekwisha kuanza na kila mtu anatafuta mbegu sokoni. Kwa macho huwezi kujua, juu mbegu ya kufa inaweza kung'aa vizuri tu. Ndani ya kila mbegu kuna mmea mdogo, na huo unapumua hata ndani ya mfuko. Joto na unyevu vinauchokesha, wadudu wanautoboa, miaka inauzeesha.

Mtoto achote mbegu juu, katikati na chini ya mfuko, asichague zile nzuri (atapenda kuchagua, watoto wote wako vile, na wakubwa pia). Ahesabu 100. Atandike kitambaa safi kilicholowana lakini kisichochuruzika, apange safu 10 za mbegu 10 bila kugusana, afunike na kitambaa kingine, akunje polepole kama mkeka. Aweke kwenye sahani, mahali kuku hawafiki. Asubuhi na jioni anyunyize maji kidogo. Siku ya 7 afungue. Kule milimani kwenye baridi angoje mpaka siku ya 9. Tunahesabu zile tu zenye mzizi mzima na shina. Zilizooza, zilizobaki ngumu, zenye mzizi uliovunjika, hizo zikae upande.

Kama 80 au zaidi zimeota, panda kama kawaida. Kati ya 60 na 80, ongeza mbegu: aliyezoea mbili kwa shimo atie tatu. Chini ya 60, tafuta mbegu ingine, hii iende kwenye sufuria kama haikupakwa dawa.

Hapo kwa dawa tusicheze. Mbegu ya duka yenye rangi ya kupakwa, nyekundu ao kijani, imetiwa dawa: mtoto asiishike, mzazi apime mwenyewe na anawe mikono. Na maharagi mabichi yasitafunwe, yako na sumu ambayo inaisha yakichemka vizuri.

Sasa mtoto ataanza kuuliza, na mbegu njo itamujibu. Mukate chupa tatu za plastiki, mutie mchanga, muweke maharagi karibu na ukingo ili yaonekane. Chupa ya kwanza ibaki kavu. Ya pili iloweshwe kidogo. Ya tatu ijazwe maji mpaka juu. Itaota ile ya pili. Katika ya tatu mbegu zinakosa hewa na kuoza, ni vile inakuwa kwenye kinamasi pasipo mifereji. Mzizi ukifika santimetri 2, mulaze chupa upande: kisha siku mbili mzizi umepinda kuelekea chini na shina limepinda kwenda juu. Mufunike chupa ingine yenye unyevu na kopo: maharagi yataota hata gizani, lakini marefu, meupe na dhaifu. Mbegu inaanza safari na chakula chake yenyewe. Kikiisha, inahitaji mwanga.

Mimi napenda zaidi kuweka hindi karibu na haragi. Hindi linaacha chakula chake chini ya udongo, linapandisha ncha moja nyembamba kama sindano. Haragi linajikunja shingo na kuinua vipande vyake viwili mpaka nje. Mtoto akiona ile shingo, ataelewa kwa nini udongo ulioganda kisha mvua kubwa unavunja maharagi kuliko mahindi, na kwa nini tunasema musipite santimetri 5 kwa kupanda. Aandike kila siku kwenye kaye: tarehe, urefu, ameona nini. Mchoro pia unafaa, hata ukipinda.

Kwa mkutano unaofuata, kila nyumba ilete hesabu ya mtoto wake: mbegu ilitoka wapi, ilichungwa ndani ya nini, ngapi zimeota juu ya 100. Tutaandika kwenye ubao wale wa bidon iliyofungwa upande mmoja, wale wa mfuko upande mwingine, tuone mbegu ya nani ilikaa vizuri.