Kuvu inayosoma neno moja kwa maana mbili

Bila shaka umewahi kumwona mtoto mchanga mwenye utando mweupe ulimini na ndani ya mashavu, mithili ya maziwa yaliyoganda, ila haupanguswi kwa urahisi. Chanzo chake ni kuvu aina ya hamira iitwayo Candida albicans. Ndiyo hiyo hiyo inayowasumbua akina mama wengi kwa mwasho ukeni.

Hamira hii si mgeni. Huishi mdomoni na tumboni mwa watu wengi wenye afya bila kuwadhuru. Hupata mwanya kinga ya mwili inapodhoofika, au antibiotiki zinapoua bakteria wanaoizuia kuongezeka. Ikiingia katika damu ya mgonjwa mahututi, inaweza kumuua. Mwaka wa 2022 Shirika la Afya Duniani liliiweka katika kundi la kwanza la kuvu zinazohitaji kupewa kipaumbele.

Je, ina ujanja gani? Kila kiumbe hujenga protini kwa kufuata maagizo ya jeni, yaliyoandikwa kwa maneno ya herufi tatu tatu. Katika mwili wako, neno CUG huagiza leusini, kipande cha protini kinachokimbia maji. Karibu viumbe vyote husoma hivyo. Candida albicans, kwa neno hilo hilo, huweka serini, inayopenda maji. Hata hivyo, karibu mara 3 katika kila 100 huweka leusini. Hivyo jeni moja hutoa protini zisizofanana, kama mafundi wawili wanaoshona nguo tofauti kwa vipimo vile vile.

Mwaka wa 2013, wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Aveiro, Ureno, walieleza jinsi walivyoirudisha hamira hii hatua kwa hatua kwenye usomaji wa zamani. Ungedhani ingekufa. Haikufa, bali ilizaa aina zenye maumbo na tabia mbalimbali. Utafiti mwingine wa 2017 ulionyesha kwamba hamira zilizokosea zaidi kusoma neno hilo zilipata haraka usugu dhidi ya flukonazoli, dawa inayotumika sana kutibu kuvu.

Hili latuhusu vipi nyumbani? Kwanza, usinunue dawa kwa kukisia, kwani si kila mwasho unaoletwa na Candida. Pili, ukiandikiwa dawa na daktari, imalize hata ukipata nafuu mapema. Na tatizo likirudi mara kwa mara, usirudie dawa ya zamani kimyakimya. Rudi kliniki ukapimwe.