Kwa nini jiko la mkaa haliondoki Mangateen

Kuacha jiko la mkaa na kuanza kupikia gesi huonekana kuwa suala la kununua chombo kipya. Mangateen, mtaa wa Juba wenye kambi ya waliokimbia vita vilivyozuka Desemba 2013, hesabu hiyo haikamiliki kirahisi.

Sababu ya kutamani mabadiliko ipo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani ulisababisha vifo takribani milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Mkaa hutoa moshi kidogo kuliko kuni, lakini hutoa pia gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua pale jiko linapoingizwa ndani kwa sababu ya mvua.

Kikwazo cha kwanza ni namna ya kununua. Mkaa hununuliwa kidogo kidogo, kulingana na kilichopatikana siku hiyo. Gesi hudai mtungi, mpira, kichomeo na gesi yenyewe kwa mkupuo mmoja. Sudan Kusini huchimba mafuta ghafi, ila mitungi huja kwa malori, na bei hufuata dola. Pauni ya nchi hiyo, ambayo kwa kiwango rasmi ilikuwa takribani 3 kwa dola hadi Desemba 2015, imeporomoka mno tangu hapo.

Kisha kuna kichwa cha mtungi. Nchini Kenya, kanuni za mwaka 2009 zilizitaka kampuni zitumie vali ya aina moja, ili mteja abadilishe mtungi wake popote. Vali za nchi jirani si lazima zifanane na hizo. Aliyerejea Juba na mtungi alionunua ukimbizini anaweza kukuta hakuna wa kuujaza. Hapo unabaki kuwa chuma kizito tu.

Chakula nacho kina masharti. Kisra, mkate mwembamba wa unga wa mtama uliochachushwa, humiminwa juu ya bamba pana linalopaswa kupata moto sawasawa. Kichomeo kidogo cha gesi huchoma katikati na kuacha kingo zikiwa mbichi. Asida, inayosongwa kwa nguvu, huhitaji jiko lisiloyumba.

Nyumba zenyewe ndizo zinazotia hofu zaidi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutuama sakafuni, ikingoja cheche. Katika vibanda vya miti na maturubai vilivyosongamana, moto wa kibanda kimoja si wa kibanda kimoja. Mpira na viungo vyake hupimwa kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti.

Ndiyo maana badiliko lililo karibu zaidi huenda lisiwe gesi, bali jiko la bati lenye kitako cha udongo uliochomwa, lililoenea Kenya kuanzia miaka ya 1980. Huhifadhi joto na kutumia mkaa kidogo, bila kubadilisha sufuria wala utaratibu wa kununua. Kaboni monoksidi haiondoki, hivyo bado hupikiwa nje au penye hewa ya kutosha. Udongo wake hupasuka ukimwagiwa maji ungali moto. Makaa yaliyobaki hufukiwa kwa majivu.