Mabakuli Yanayopasuka Njiani

Mwaka jana kikundi chetu cha wachongaji hapa Pwani kilituma mabakuli ya saladi na miiko kwa mnunuzi wa ng'ambo. Yalitoka hapa yaking'aa. Baada ya wiki chache tukaandikiwa kwamba mengi yamepasuka, na pesa iliyobaki haitalipwa.

Wengine walisema ni kijicho cha watu. Sivyo. Ni maji.

Mti uliokatwa juzi umejaa maji. Ukikauka unasinyaa, tena hausinyai sawasawa: unasinyaa zaidi kufuata zile pete zake kuliko kutoka moyoni kuelekea gandani. Basi mbao inavutana yenyewe mpaka inaachana. Hapa Pwani hewa ina unyevu, ufa hauonekani. Bakuli likifika Ulaya wakati wa baridi, ndani ya nyumba yenye hita, hewa ni kavu na ufa unajitokeza.

Sasa tunafanya hivi. Gogo tunalipasua katikati kwanza, kwani moyo wa mti ukibaki ndani ya bakuli, ufa huanzia hapo. Tunachonga kwa tezo mti ukiwa bado mbichi (ni mwororo, mkono hauchoki upesi) lakini bakuli tunaliacha nene, kama vidole viwili. Tunapaka nta pale nyuzi za mti zilipokatwa, maana huko ndiko maji hutoka kwa haraka. Halafu tunalifukia kwenye maranda ndani ya gunia, kivulini. Usilianike juani! Kila wiki tunalipima kwa mizani, na uzito ukiacha kushuka tunajua limekauka. Hapo ndipo tunamalizia kwa tupa na msasa.

Vijana wanalalamika: utangoje miezi na karo inadaiwa leo? Wana haki. Ndiyo maana tumekubaliana kumlipa mchongaji sehemu ya pesa yake mara tu bakuli linapoingia kwenye gunia.

Jambo lingine ni rangi. Kinyago waweza kukipaka rangi ya viatu, lakini chombo cha chakula, hapana. Nta ya nyuki inatosha. Mafuta ya kupikia tumeyajaribu, baada ya muda yananuka.

Na mti wenyewe je? Uchongaji huu wa biashara ulienea Ukambani baada ya Mutisya Munge wa Wamunyu kurudi kutoka Tanganyika, alikojifunza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia (1914–1918). Wakamba wakaja nao mpaka Changamwe, ambako chama cha ushirika cha Akamba kilianza mwaka 1963. Wazee hao walichonga mpingo na muhugu kwa sababu ilipatikana. Siku hizi muhugu umekwisha sehemu nyingi, nao hukua polepole mno. Anayeupanda leo labda atakayeuchonga ni mjukuu wake. Sisi tumegeukia miti ya shambani. Mwembe mzee usiozaa tena hutoa bakuli safi lenye mistari mizuri, na jakaranda pia inafaa. Mwarubaini, kwa vile ni mchungu, tunauachia twiga na vifaru.

Kwa hiyo mwenye mwembe wa namna hiyo, asiuchome makaa kabla ya kuongea nasi. Tutakuja tuuone, tupatane bei, na mche mwingine upandwe kabla shoka halijaingia.