Kompyuta haiwaki: Kagua miunganisho ya umeme kabla ya kununua pawa saplai mpya

Unabonyeza kitufe na kompyuta ya mezani iko kimya. Hakuna taa, feni haizunguki. Au inawaka kwa sekunde mbili kisha inazima. Kwa mwenye duka la kuchapa na kutoa kopi, hiyo ni siku isiyo na kipato, na mara nyingi jibu la kwanza analopewa ni kwamba pawa saplai imekufa.

Huenda ni kweli. Lakini dalili hizo hizo huletwa na waya uliolegea, na waya ukilegea hununui kitu. Katika makala hii tunaufuata umeme kutoka ukutani hadi ndani ya kompyuta, ili ujue unapokatikia.

Pawa saplai hufanya nini?

Ni lile sanduku la chuma lenye feni, ndani ya kasha ambalo wengi huliita sipiyu. Hupokea umeme wa ukutani, ambao kwetu Afrika Mashariki ni volti 230 hadi 240, na kuushusha kuwa volti 12, 5 na 3.3 zinazotumiwa na vifaa vya ndani.

Anzia ukutani

Chomeka chaja ya simu kwenye soketi ileile. Ikiwa haichaji, tatizo haliko kwenye kompyuta. Kama unatumia kebo ya kurefusha umeme, iondoe na uchomeke kompyuta moja kwa moja ukutani.

Kisha jaribu waya mwingine. Skrini nyingi hutumia waya wa umeme unaofanana na wa kompyuta, kwa hiyo unaweza kuazima huo. Kompyuta ikiwaka, waya wa zamani umekatika ndani au fyuzi iliyo kwenye plagi yake imeungua.

Angalia pia nyuma ya pawa saplai. Swichi inatakiwa kuwa upande wa I, si O. Baadhi zina swichi ndogo nyekundu ya kuchagua volti 115 au 230. Kwetu ni lazima iwe 230. Ikiwekwa 115, pawa saplai inaweza kulipuka mara tu unapowasha.

Fungua kasha

Chomoa waya wa ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa vifaa.

Tafuta viunganishi viwili kwenye ubao mama: kikubwa chenye pini 24, na kidogo chenye pini 4 au 8 karibu na prosesa. Hicho kidogo husahaulika sana. Kikilegea, feni zinaweza kuzunguka lakini skrini ikabaki nyeusi. Chomoa kila kimoja, kikague, kisha ukirudishe mpaka kishikizo chake kinase.

Ukiona plastiki iliyoyeyuka, pini zilizogeuka kahawia, au ukisikia harufu ya kuungua, usirudishe. Pini isiyogusa vizuri hupata joto, na joto hilo huzidi kuiharibu. Hapo mpelekee fundi.

Kama kila kitu kimekaza, huenda kitufe chenyewe ni kibovu. Rudisha umeme, chomoa kwenye ubao mama nyaya mbili nyembamba zinazotoka kwenye kitufe, kisha gusisha pini zake mbili kwa ncha ya bisibisi kwa nusu sekunde. Kompyuta ikiwaka, pawa saplai yako ni nzima.

Kipimo cha mwisho

Fundi mwenye mita atamaliza ubishi kwa dakika chache. Waya wa zambarau unatakiwa kutoa volti 5 hata kompyuta ikiwa imezimwa, mradi imechomekwa. Ikiwa imewashwa, waya wa njano utoe kati ya volti 11.4 na 12.6, na mwekundu kati ya 4.75 na 5.25. Mwombe akuonyeshe namba hizo kabla hujalipia kifaa kipya. Feni kuzunguka peke yake si ushahidi kwamba pawa saplai ni nzima.

Usifanye haya

Usifungue sanduku la pawa saplai. Kapasita zilizomo zinaweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa waya, na volti hizo zinaweza kuua.

Kwa pawa saplai zenye nyaya za kuchomoa pande zote mbili, usiazime nyaya za aina nyingine. Zinaweza kuingia vizuri huku mpangilio wa pini ukiwa tofauti, na diski yenye kumbukumbu zako zote ikaungua. Pawa saplai hununuliwa nyingine; mafaili ambayo hukuyanakili mahali pengine huenda usiyapate tena.