Je, Wajua? Kabla Dalali Hajaleta Mteja

Je, wajua kwamba Dar es Salaam zimejaa nyumba zilizoandikwa ukutani kwa herufi kubwa: NYUMBA HII HAIUZWI, OGOPA MATAPELI? Mara nyingi anayeandika ni ndugu wa yule anayetaka kuuza. Maandishi hayo si amri ya mahakama, lakini mnunuzi akiyaona hugeuza gari hapohapo. Kwa hiyo anayetaka kuuza aanze na kikao cha familia. Fundi rangi atasubiri.

Je, wajua kwamba muhtasari wa kikao cha ukoo hautoshi kuuzia nyumba ya marehemu? Kikao hupendekeza jina tu. Mahakama ndiyo humteua msimamizi wa mirathi, naye ndiye mwenye saini inayotambulika. Shangazi aliyeko Muscat na kaka aliyeko Tanga wakikubaliana bei kwa simu, bado hawajauza kitu.

Je, wajua kwamba jina moja kwenye hati halimpi mwenye jina ruhusa ya kuuza peke yake? Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamkataza mume au mke kuuza, kugawa au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Mnunuzi makini huuliza "Shemeji yuko wapi?" kabla hajauliza choo kiko wapi.

Je, wajua kwamba ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, chini ya Rais kama mdhamini? Unachouza ni haki ya kuitumia kwa muda uliotajwa kwenye hati: miaka 33, 66 au 99. Hati ya miaka 33 iliyotolewa 1995 inakwisha 2028. Wauzaji wengi huipiga picha hati yao na kuituma kwa kila dalali bila kuhesabu miaka iliyobaki. Mnunuzi huihesabu.

Je, wajua kwamba Mombasa mtu anaweza kukuuzia nyumba asikuuzie udongo iliposimama? Mtindo huo huitwa nyumba bila ardhi. Mwenye nyumba humlipa mwenye shamba kodi ya kiwanja, nyumba ikihama mkono mnunuzi anaendelea kulipa. Zanzibar nako miti imezoeleka kumilikiwa mbali na ardhi, kwa hiyo minazi iliyo nyuma ya nyumba huenda ina mwenyewe. Ulizia mapema, kabla mteja hajaulizia yeye.

Je, wajua kwamba alama ya X ina rangi zake? Kando ya barabara kuu za Tanzania, X nyekundu imekuwa ikimaanisha umeingia kwenye hifadhi ya barabara na fidia huna. Ya kijani ni ya wale waliokutwa na hifadhi iliyopanuliwa, wakabaki na haki ya kulipwa. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ndiyo iliyoisogeza hifadhi hiyo kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Kuipaka rangi X usiku wa kuamkia siku ya mteja ni utapeli, tena wa kijinga, maana majirani wote waliiona.

Je, wajua kwamba Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari, ukingo wa mto au wa ziwa? Ile sifa ya "nyumba ipo karibu kabisa na maji", ambayo dalali hutamba nayo, yaweza kuwa ndiyo kasoro kubwa kuliko zote.

Je, wajua kwamba tangu 2021 kodi ya jengo Tanzania hukatwa kupitia LUKU? Malimbikizo hukaa kwenye mita, na anayenunua umeme ndiye anayekatwa. Safisha mita kabla ya kukabidhi funguo. Kodi ya pango la ardhi ni nyingine. Hiyo haipiti kwenye mita, nayo hukaguliwa wakati wa uhamisho.

Je, wajua kwamba risiti ya saruji ya miaka kumi iliyopita ni pesa? Mkaazi wa Tanzania hutozwa asilimia 10 ya faida aliyopata kwa kuuza nyumba, yaani bei aliyouzia ukitoa gharama alizothibitisha. Asiye na kumbukumbu, tangu 2023, hutozwa asilimia 3 ya thamani nzima, faida iwepo au isiwepo. Nyumba ya kuishi uliyoimiliki na kukaa kwa miaka mitatu au zaidi husamehewa ikiwa faida haizidi shilingi milioni 15. Kenya kodi hiyo ilisimamishwa 1985, ikarudi 2015 kwa asilimia 5, na kuanzia Januari 2023 ni asilimia 15.

Sasa njoo kwenye ukuta wenyewe. Je, wajua kwa nini rangi mpya huchubuka palepale, karibu na sakafu? Maji hupanda kutoka ardhini yakibeba chumvi, yanafika usoni mwa ukuta yanakauka, chumvi inabaki ikiganda na kuisukuma rangi nje. Mchanga wenye chumvi huleta balaa lilelile. Ukipiga skimu juu yake utakuwa umenunua miezi michache tu, na masika ya Machi hadi Mei yatakuumbua. Mimi ningekwangua lipu iliyooza, nikaziba njia ya maji, nikaacha ukuta ukauke vizuri, ndipo nikamwita mpaka rangi. Dari ya jipsamu yenye doa la kahawia nayo ni vilevile: anza na bati.

Je, wajua kwamba saruji inaweza kuiua nyumba ya Mji Mkongwe wa Zanzibar? Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, vitu vinavyoruhusu unyevu kutoka. Chokaa ikishapakwa hufyonza hewa ya kaboni na kurudi kuwa jiwe taratibu. Lipu ya saruji huufungia unyevu ndani, na boriti za mikoko zilizoshika dari huanza kuoza vichwani, pale zilipoingia ukutani. Ni mji wa Urithi wa Dunia tangu 2000. Ukarabati wake huombewa kibali.

Je, wajua kwamba kazi ya kuipamba nyumba ili iuzike ina mwasisi anayetajwa? Ni Barb Schwarz wa jimbo la Washington, Marekani, aliyeianza 1972. Huko watu hukodi hadi makochi kwa ajili ya wateja. Kwetu kuita gari la majitaka linyonye shimo kuna faida kuliko kochi.

Je, wajua kwamba kutoka Machi hadi Oktoba jua la adhuhuri Dar es Salaam hupita upande wa kaskazini, kisha huhamia kusini, lakini ukuta wa magharibi hupigwa mwaka mzima? Sebule inayotazama huko ionyeshe asubuhi. Wanunuzi wazoefu hurudi wenyewe saa kumi jioni, bila kumwambia dalali.