Baraza ya mbao za paleti: angalia mhuri kwanza

Paleti kuukuu kutoka maghala ya mizigo mjini Mombasa zinafaa kutengenezea baraza nyuma ya nyumba. Kabla ya kulipa, tafuta mhuri ubavuni. HT ni mbao zilizotibiwa kwa joto la nyuzi 56 kwa dakika 30. MB zilifukizwa kwa methili bromaidi, dawa yenye sumu. Hizo ziache, hata kwa kuni, hata ukipewa bure.

Paleti nne za sentimita 120 kwa 100 hutoa mita 2.4 kwa 2. Zipange juu ya matofali yaliyosawazishwa, zisiguse udongo, maana mchwa huanzia hapo. Gongomea misumari iliyochomoza, piga msasa, kisha ziba mianya kwa mbao za paleti ya tano, mguu wa mtoto usinase. Oili chafu wengi huipaka kuzuia mchwa, ila si mahali watoto wanapokaa.